Silabi ya Kikorea ndani ya kompyuta: kuihesabu, kuivunja na kuiokoa ikiharibika

Umepakua faili la manukuu ya tamthilia ili uyatafsiri kwa Kiswahili, ukalifungua, na mahali palipopaswa kuwa 한글 unaona ÇÑ±Û. Siku nyingine mtu mwenye Mac anakutumia faili, na jina lake linafika limetawanyika hivi: ㅎㅏㄴㄱㅡㄹ. Hizo ni ajali mbili tofauti kabisa, na dawa ya moja haitibu nyingine. Ya kwanza ni baiti zilizosomwa kwa jedwali lisilo lake. Ya pili ni maandishi mazima, salama, ila yameandikwa kwa vipande. Ili ujue unashughulika na ipi, anza na namba.

1. Fahamu vipande vitatu

Hangul (한글), mwandiko wa Kikorea, ni alfabeti. Haina maelfu ya picha za kukariri. Ina herufi chache zinazopangwa ndani ya kisanduku kimoja kwa kila silabi. Chukua 콩, "haragwe": juu kuna konsonanti ㅋ, katikati irabu ㅗ, chini konsonanti ya kufungia ㅇ. Hiyo ya chini Wakorea huiita *batchim*, na silabi inaweza kuikosa: 코, "pua", haina.

Konsonanti za mwanzo ni 19, irabu ni 21, na za mwisho ni 27 pamoja na nafasi ya "hakuna", jumla 28. Zidisha: 19 × 21 × 28 = 11,172. Unicode, jedwali la kimataifa linaloipa kila herufi namba yake, imezipa zote nafasi zake, kuanzia 가 (U+AC00) hadi 힣 (U+D7A3), zikiwemo nyingi ambazo hakuna neno la Kikorea linalozitumia. Ukarimu huo ndio unaorahisisha kila kitu kinachofuata, kwa sababu safu haina pengo hata moja.

Hizi ndizo orodha. Kuhesabu kunaanza sifuri, si moja. Kosa hilo peke yake hula saa nzima za watu.

Mwanzo (0–18):
ㄱ ㄲ ㄴ ㄷ ㄸ ㄹ ㅁ ㅂ ㅃ ㅅ ㅆ ㅇ ㅈ ㅉ ㅊ ㅋ ㅌ ㅍ ㅎ

Irabu (0–20):
ㅏ ㅐ ㅑ ㅒ ㅓ ㅔ ㅕ ㅖ ㅗ ㅘ ㅙ ㅚ ㅛ ㅜ ㅝ ㅞ ㅟ ㅠ ㅡ ㅢ ㅣ

Mwisho (0 ni "hakuna", kisha 1–27):
ㄱ ㄲ ㄳ ㄴ ㄵ ㄶ ㄷ ㄹ ㄺ ㄻ ㄼ ㄽ ㄾ ㄿ ㅀ ㅁ ㅂ ㅄ ㅅ ㅆ ㅇ ㅈ ㅊ ㅋ ㅌ ㅍ ㅎ

2. Unga silabi kwa hesabu

Kanuni ni moja:

namba = 44032 + (mwanzo × 21 + irabu) × 28 + mwisho

44032 ni AC00 ikiandikwa kwa mfumo wa kumi. Kwa 콩: ㅋ ni 15, ㅗ ni 8, ㅇ ya mwisho ni 21. 15 × 21 = 315; ongeza 8, unapata 323; zidisha kwa 28, unapata 9044; ongeza 21, ni 9065. Jumlisha na 44032: 53097, yaani U+CF69.

Angalia kwamba ㅇ ina namba mbili. Ikiwa mwanzoni ni 11, ikiwa mwisho ni 21. Herufi ni ileile machoni, lakini orodha ni mbili, na anayetumia orodha moja kwa kazi zote mbili atapata silabi halali ambayo siyo aliyoitaka. Kompyuta haitalalamika.

3. Ivunje

Rudi nyuma kwa kugawanya. 53097 toa 44032 ni 9065. Gawanya kwa 588 (21 × 28): jibu 15, baki 245. Gawanya 245 kwa 28: jibu 8, baki 21. Vipande vimerudi: 15, 8, 21.

```python
MWANZO = 0xAC00

def unga(k, i, m=0):
    return chr(MWANZO + (k * 21 + i) * 28 + m)

def vunja(silabi):
    n = ord(silabi) - MWANZO
    if not 0 <= n < 11172:
        return None
    return n // 588, n % 588 // 28, n % 28

print(unga(15, 8, 21))   # 콩
print(vunja('닭'))       # (3, 0, 9)
```

닭 ni kuku. Ile 9 ya mwisho ni ㄺ, konsonanti mbili zinazokaa kama moja. Usijaribu kuzitenganisha kabla hujajua unazitakia nini.

Kazi ya kwanza ya hesabu hii ni viambishi. Kikorea hubadilisha kiambishi kufuatana na mwisho wa neno: penye batchim ni 은, pasipo batchim ni 는. Programu inayochomeka jina la mji ndani ya sentensi lazima ijue. Chukua silabi ya mwisho, toa 44032, gawanya kwa 28, tazama baki. 나이로비 (Nairobi) inaishia na 비, baki ni 0, basi 나이로비는. 다르에스살람 (Dar es Salaam) inaishia na 람, baki ni 16, basi 다르에스살람은. Kiambishi cha kuonyesha uelekeo kina mtego wake: penye batchim ni 으로, isipokuwa batchim ikiwa ㄹ, yaani baki 8, hapo ni 로 tu, kama 서울로, "kwenda Seoul". Programu nyingi hukwepa shida hii kwa kuandika zote mbili, 은(는). Inasomeka, lakini kwa Mkorea ni sawa na fomu inayokuita "Bw./Bi.".

Kazi ya pili ni utafutaji kwa herufi za mwanzo. Mkorea akiandika ㄴㅇㄹㅂ kwenye kisanduku cha kutafuta, anategemea kupata 나이로비. Vunja kila silabi, chukua namba ya mwanzo, igeuze kuwa herufi. Usiongeze tu namba hiyo kwenye U+3131 ukidhani herufi zimefuatana: ㄱ ni U+3131, ㄲ ni U+3132, lakini U+3133 ni ㄳ, na ㄴ iko U+3134. Tumia orodha ya 19 iliyo hapo juu.

4. Silabi moja, maandiko matatu

Hapa ndipo wengi huumia.

Andiko la kwanza ni silabi nzima, msimbo mmoja: 한 ni U+D55C. Mtindo huu unaitwa NFC.

La pili ni vipande vinavyoungana: U+1112, U+1161, U+11AB. Fonti nzuri huvikusanya vikaonekana 한, bila tofauti yoyote kwa jicho. Mtindo huu ni NFD. Mfumo wa zamani wa mafaili wa Mac, HFS+, ulihifadhi majina kwa mtindo huu, na hadi leo majina yanayotoka Mac huja hivyo mara kwa mara. Programu isiyojua kuviunganisha itaonyesha ile ㅎㅏㄴㄱㅡㄹ.

La tatu siyo silabi hata kidogo: herufi za kusimama peke yake, U+3131 hadi U+318E. Ndizo zinazotumika katika ㅋㅋㅋ, kicheko cha Kikorea mtandaoni. Hizi haziungani kamwe. Ukiweka ㅎ, ㅏ, ㄴ za aina hii mfululizo, zitabaki tatu.

Kwa macho huwezi kutofautisha la kwanza na la pili. Pima urefu: katika Python au JavaScript, 한 ya NFC ina urefu 1, ya NFD ina 3. Ndiyo maana neno unaloliona kabisa kwenye hifadhidata halipatikani ukilitafuta, na mtu mmoja anaweza kujiandikisha mara mbili kwa jina lilelile. Dawa ni kugeuza kila kinachoingia kuwa NFC mlangoni, kabla ya kuhifadhi na kabla ya kulinganisha:

```python
import unicodedata
safi = unicodedata.normalize('NFC', maandishi)
```

Kwenye JavaScript ni `maandishi.normalize('NFC')`. Kwa majina ya mafaili yaliyokwisha kutawanyika kwenye Linux:

```
convmv -f utf8 -t utf8 --nfc -r folda/
```

Amri hiyo inaonyesha tu itakachofanya. Ukiridhika, irudie ukiongeza `--notest`.

Usivutwe na NFKC, mtindo mwingine wa Unicode, ukidhani itakuunganishia zile herufi za kusimama peke yake. Itaziunga nusu: ㅎㅏㄴ inatoka 하 ikifuatiwa na ᄂ iliyobaki nje, kwa kuwa NFKC huichukulia ㄴ kila mara kuwa konsonanti ya mwanzo. Na kila ㅋ ya kicheko hugeuka kuwa msimbo mwingine, U+110F. Kama kweli unataka kuziunga, tumia kanuni ya hatua ya 2.

Kichujio cha majina nacho kikaguliwe. `[가-힣]` kinakubali silabi za NFC pekee. Jina halali kutoka Mac litakataliwa, na mwenye jina hataelewa kosa lake. Kibaya zaidi ni `[ㄱ-힣]`, kinachonakiliwa ovyo: kati ya misimbo hiyo miwili wamo maelfu ya herufi za Kichina, na zote zitapita. Kama unahitaji herufi za peke yake pia, andika `[ㄱ-ㅎㅏ-ㅣ가-힣]`, baada ya kugeuza NFC.

5. Tambua baiti kabla ya kugusa kitu

Kabla ya Unicode kuenea, Korea Kusini ilikuwa na kiwango cha mwaka 1987, KS C 5601, ambacho leo kinaitwa KS X 1001. Kilichagua silabi 2,350 zinazotumika sana, baiti mbili kila moja, na usimbaji wake maarufu ni EUC-KR. Silabi 8,822 zikabaki nje. Mojawapo ni 똠, inayohitajika kuandika 똠얌, ile supu ya Kithai. Baadaye Microsoft ilizijazia zote katika CP949, iliyokuja na Windows 95 ya Kikorea, bila kuhamisha zile za mwanzo. Kwa hiyo kila faili la EUC-KR ni CP949 halali, lakini si kinyume chake.

Unicode yenyewe haikuanza vizuri. Toleo la 1.1 lilikuwa na silabi 6,656 tu, zikiwa U+3400 hadi U+4DFF. Toleo la 2.0, mwaka 1996, likazifuta hapo na kuziweka zote 11,172 mahali zilipo sasa. Vurugu lililoleta ndilo lililofanya ikawekwa kanuni kwamba msimbo ukishatolewa hauhamishwi tena. Faili la enzi hizo ni nadra mno kukutana nalo.

Sasa tazama baiti zenyewe:

```
xxd manukuu.smi | head -20
```

Ukiona jozi zinazoanza na baiti kati ya B0 na C8, na ya pili ni A1 hadi FE, hiyo ni EUC-KR au CP949. 한글 huko ni C7 D1 B1 DB.

Ukiona baiti tatutatu zinazoanza EA, EB, EC au ED, ni UTF-8 (usimbaji wa Unicode ulioenea zaidi) ya NFC: 한글 ni ED 95 9C EA B8 80.

Ukiona E1 84, E1 85, E1 86 au E1 87 zikijirudia, ni UTF-8 ya NFD. Hapo 한 peke yake ni baiti tisa.

E3 84 na E3 85 ni zile herufi za kusimama peke yake. Na faili likianza na FF FE, ni UTF-16. 한 inaonekana 5C D5, kinyumenyume.

Manukuu ya zamani ya .smi ni CP949 mara nyingi sana, kwa hiyo anza kushuku hapo. Kuyageuza:

```
iconv -f CP949 -t UTF-8 manukuu.smi > mapya.smi
```

Andika CP949, usiandike EUC-KR, hata kama faili lenyewe linajitangaza kuwa euc-kr. Vivinjari vya kisasa vinaposoma `charset=euc-kr` hutumia jedwali pana kimyakimya, ndiyo maana ukurasa unafunguka sawa kwenye kivinjari halafu unagoma kwenye programu yako. Python ina ajabu lake zaidi: ukisimba 똠 kwa `'cp949'` unapata baiti mbili, 8C 63, ukisimba kwa `'euc-kr'` haikatai, bali inatoa baiti nane, A4 D4 A4 A8 A4 C7 A4 B1, njia ya pembeni iliyomo kwenye kiwango na ambayo programu nyingi hazijui kuisoma.

6. Okoa kilichoharibika

Soma sura ya uharibifu.

ÇÑ±Û, yaani herufi za Ulaya zenye vialama juu na hakuna alama za €, ni CP949 iliyosomwa kama Latin-1, jedwali la zamani la herufi za Ulaya Magharibi. Kama bado unalo faili la asili, lisome upya kwa jedwali sahihi, basi. Kama yamekwisha kuhifadhiwa yakiwa hivyo:

```python
mazima = mabovu.encode('latin-1').decode('cp949')
```

í•œê¸€, yaani í na ê na ë zikijirudia kila herufi ya tatu, ni UTF-8 iliyosomwa kama Windows-1252:

```python
mazima = mabovu.encode('cp1252').decode('utf-8')
```

Hii ya pili hukwama kwa baadhi ya silabi, kwani Windows-1252 haina herufi kwa baiti 81, 8D, 8F, 90 na 9D. Kama aliyeharibu alitumia programu iliyozitupa baiti hizo, silabi hizo zimepotea.

占쏙옙 ni habari mbaya. Programu fulani ilishindwa kusoma, ikaweka alama ya � kila mahali, kisha baiti za alama hizo (EF BF BD, EF BF BD) zikasomwa kama CP949. Unachokiona ni kaburi. Maandishi yenyewe hayamo. Tafuta nakala ya awali.

Majina yaliyoharibika ndani ya ZIP kutoka Windows ya Kikorea kwa kawaida ni CP949. Kwenye Ubuntu tumia `unzip -O cp949 faili.zip`, kwenye Python kuanzia 3.11, `zipfile.ZipFile('faili.zip', metadata_encoding='cp949')`.

Kwa CSV inayokwenda kwa mtu mwenye Excel, hifadhi kwa `'utf-8-sig'`. Baiti tatu za mwanzo, EF BB BF, ndizo zinazoiambia Excel kuwa hii ni UTF-8. Bila hizo, kompyuta ya Korea huenda ikaisoma kama CP949.

7. Pima nafasi

Kwenye Linux jina la faili kwa kawaida halizidi baiti 255. Hizo ni silabi 85 za NFC, lakini 28 tu za NFD zenye batchim; jina lililokubalika Mac linaweza kukataliwa likinakiliwa kwenye seva. SMS ya kawaida hubeba herufi 160; silabi moja ya Kikorea ikiingia, ujumbe mzima unashuka hadi 70, hata kama maneno mengine yote ni ya Kiswahili. `utf8` ya zamani ya MySQL, yenye ukomo wa baiti tatu, huhifadhi Hangul bila shida. Inayoikwamisha ni emoji, na ukikutana na kosa hilo usiisingizie Hangul.

Ukikata maandishi ili yaenee, kata yakiwa NFC. Ukikata NFD katikati, 콩 inabaki 코, na haragwe limekuwa pua.

8. Kisanduku cha kuandikia

Mtu anayeandika 콩 kwa kibodi ya Kikorea anapitia ㅋ (U+314B), kisha 코 (U+CF54), kisha 콩 (U+CF69), na kila hatua inafuta iliyotangulia. Programu inayotafuta kila kitufe kinapobonyezwa itatafuta mara tatu, mbili kati ya hizo kwa kitu ambacho mtu hakukusudia. Na akibonyeza Enter kabla silabi haijafungwa, baadhi ya vivinjari hutuma ujumbe mara mbili, wa pili ukiwa na silabi ya mwisho tu. Katika JavaScript kagua `event.isComposing`, ikiwa kweli, usifanye lolote.

Kuna pia U+3164, kijazio kisichoonekana. Vijana hukinakili ili kujipa jina tupu kwenye michezo ya simu, na ukaguzi wa "jina lisiwe wazi" unakipitisha, kwa kuwa si nafasi ya kawaida, `strip()` haikigusi. Kifute kwa jina lake, pamoja na wenzake U+115F, U+1160 na U+FFA0. Hao wenzake wafute baada ya kuhakikisha hushughuliki na maandishi ya kale, kwa sababu huko U+115F na U+1160 zina kazi halali.

9. Hangul ya kale

Maandishi ya zamani, tangu alfabeti ilipotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, yana herufi ambazo hazimo kwenye zile 11,172. Irabu ㆍ ni mfano. Bado huandikwa katika lugha ya kisiwa cha Jeju. Silabi yenye irabu hiyo, kama ᄒᆞᆫ, haina msimbo wake wa pamoja. Ni U+1112, U+119E, U+11AB, na hata baada ya NFC inabaki mitatu. Herufi za kale zilizokuwa zimebaki ziliongezwa katika Unicode 5.2, mwaka 2009, kwa hiyo fonti iliyotengenezwa kabla ya hapo itaonyesha visanduku vitupu.

Kwa maandishi ya namna hii hesabu ya `len()` haikufai tena, na kanuni ya 588 itakurudishia `None` kwa kila kipande. Hesabu kwa vipande vinavyoonekana: sakinisha moduli ya `regex` ya Python, kisha

```python
import regex
len(regex.findall(r'\X', 'ᄒᆞᆫ'))   # 1
```